Andalio la Somo Linaandikiwa Nani?



Juzi baada ya Isha nilipita kwa dada yangu kumjulia hali. Nilimkuta binti yake amejiinamia mezani, karatasi zimetapakaa mpaka kwenye mkeka. Mpwa wangu huyu anasomea ualimu wa sayansi chuo kikuu, na muhula huu yuko nje kwa mazoezi ya kufundisha, TP kama wanavyoyaita wenyewe, katika shule moja ya Sekondari Msingi huku kwetu mwambao. "Shikamoo mjomba," aliniamkia bila ya kuinua kichwa. Nikamuuliza kulikoni. Akanambia kesho ana kipindi cha Sayansi Jumuishi na Gredi ya 7, mhadhiri wake huenda akatokea kumtathmini, na andalio la somo alilokuwa akiliandika lilikuwa la tatu tangu Maghrib. Mawili ya kwanza alikuwa ameshayachana.

Nikaomba nilisome. Lilikuwa la kurasa tatu, kwa mwandiko wa kupendeza, kila kisanduku kimejazwa: mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, umilisi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo, hatua ya kwanza mpaka ya nne, hitimisho. Nikamuuliza swali moja tu.

"Watoto wakitoka darasani kesho, wataweza kufanya nini ambacho leo hawakiwezi?"

Akarudi kwenye karatasi yake akanisomea alichoandika, kwamba kufikia mwisho wa somo mwanafunzi aelewe michanganyiko na jinsi ya kuitenganisha. Nikamwambia sawa, na wewe utajuaje kama wameelewa? Hapo akanyamaza. Dada yangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Muache mtoto apumue, kwanza mpe chai."

Nimeyaandika makala haya kwa sababu ya kimya kile, maana nakijua. Nami nilisomea diploma ya ualimu na nikapelekwa TP, na ingawa nimeishia kwenye kalamu hii, bado nakumbuka jasho lililonitoka. Na nimeona pia kuwa sisi wazazi wa Pwani, ambao miaka nenda miaka rudi tunalalamika kuwa walimu wa kwetu ni wachache kwenye shule zetu, hatujui hata kidogo ni kitu gani kinachomvunja moyo kijana wa kwetu anapoingia kwenye kazi hii. Tunadhani ni mshahara. Wengi huvunjika mapema zaidi, usiku, mezani, mbele ya karatasi kama ile.

Kwa asiyejua, mambo yanakwenda hivi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo inayotoa muundo wa mtaala wa kila somo kwa kila gredi. Kutoka humo mwalimu huandika maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima, wiki kwa wiki. Kutoka kwenye maazimio ndipo linapotoka andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Kipindi ni dakika 30 kwa gredi za chini za msingi, 35 kwa zile za juu, na 40 kwa Sekondari Msingi. Baada ya kufundisha, mwalimu hujaza rekodi ya kazi. Mwalimu aliye TP anatakiwa awe na hayo yote kwenye faili, na andalio kwa kila kipindi atakachoingia, bila kukosa hata kimoja.

Mwalimu mkongwe huyacheka haya. Utamsikia akisema, "Mimi miaka ishirini sijaandika karatasi hizo na watoto wanafaulu." Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba fundi wa jahazi kule Lamu huchonga mbavu za chombo bila ya ramani. Lakini fundi yule ramani anayo kichwani, ameipata kwa kukaa chini ya fundi mwingine miaka mingi, akishika msumeno na kukaripiwa. Mwanagenzi hana hiyo. Karatasi ndiyo inayomlazimisha afikiri kabla ya kusimama mbele ya watoto.

Tatizo ni kwamba karatasi hiyo imegeuzwa kitu chengine. Mpwa wangu hakuwa akiwaandikia watoto wa Gredi ya 7. Alikuwa akimwandikia mhadhiri. Kila kisanduku alikijaza akijiuliza, je, hapa anataka nini? Mhadhiri wa mara ya kwanza alimwambia aandike umilisi wote saba wa mtaala. Wa mara ya pili akamwambia umilisi saba kwa kipindi kimoja ni mchezo, aandike miwili. Sasa anamsubiri wa tatu na hajui yeye atataka mingapi. Katika hali hiyo mwanafunzi hujifunza kuchora andalio linaloonekana zuri, akasahau kuwa kuna watoto 56 watakaokuwa wamekaa mbele yake.

Tuanzie hapo kwenye matokeo, kwa kuwa ndipo kila kitu kinapoharibikia. Neno "kuelewa" halina ubaya, sote twataka watoto waelewe, ila halionekani kwa macho. Mmarekani mmoja, Benjamin Bloom, na wenzake walitoa kitabu mwaka 1956 kilichopanga malengo ya kufundisha kuanzia yale mepesi ya kukumbuka hadi yale mazito, na tangu hapo kila chuo cha ualimu huwapa wanafunzi orodha ya vitenzi: taja, eleza, linganisha, tenga, unda. Wanagenzi huikariri orodha ile kama dua ya kuingia mtihani. Wanachokosa ni kuambiwa inafanya kazi gani. Kitenzi ukikichagua vizuri, kinakuambia uandae nini, watoto wafanye nini, na mwisho uangalie nini. Ukiandika "atenganishe chumvi na mchanga", basi lazima kuwe na chumvi, lazima kuwe na mchanga, lazima mikono ya watoto iingie, na mwisho wa kipindi utaiona chumvi imetengana au haikutengana. Ukiandika "aelewe", hakuna kinachokulazimisha lolote, na ndipo unapojikuta unaongea peke yako dakika 40.

Na kuongea peke yako hakuchukui muda mrefu kama unavyodhani. Kwenye TP yangu nilipanga somo nikiamini limejaa. Nilisimama, nikaeleza, nikaandika ubaoni, nikauliza "mmeelewa?", wakaitikia "ndiyo mwalimu". Nikatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika 14. Mtathmini alikuwa ameketi nyuma, miguu ameikunja, anaandika. Dakika 26 zilizobaki niliwafanya wanafunzi wanakili ukurasa mzima wa kitabu ambacho kila mmoja wao alikuwa nacho. Mpaka leo nikikumbuka kalamu ya yule bwana inavyokwenda, natamani ardhi inimeze.

Mpwa wangu yeye alikuwa na tatizo la kinyume, ambalo ndilo la kawaida siku hizi kwa kuwa mtaala huu wa umilisi unataka watoto watende. Kwenye karatasi hesabu yake ilitimia: utangulizi dakika 5, majadiliano ya vikundi 10, jaribio 10, vikundi kuwasilisha 10, hitimisho 5. Jumla 40. Tukakaa tukaihesabu upya kama itakavyokuwa kweli. Watoto 56, vikundi saba vya watu wanane. Kila kikundi kiwasilishe ndani ya zile dakika 10, maana yake ni chini ya dakika moja na nusu kwa kikundi, pamoja na kuinuka, kusukumana na kufika mbele. Hata msemaji wa harusi hawezi. Na kabla ya hapo, mwalimu wa kipindi kilichotangulia huchelewa kutoka, na madawati lazima yageuzwe. Ukiwa na bahati, una dakika 34 za kufundisha. Nikamwambia panga za dakika 34, na zikibaki sita shukuru.

Akanitazama kama niliyemdanganya. "Lakini mjomba, chuoni tulifanya mazoezi na muda ulitosha."

Ulitosha, na najua kwa nini. Vyuoni kabla ya TP wanafunzi hufanya ufundishaji wa majaribio mbele ya wenzao. Mmoja anafundisha, kumi wanajifanya watoto. Hao kumi wana miaka ishirini na kitu, wanalijua jibu, wanamuonea huruma mwenzao, na hakuna hata mmoja atakayeomba kwenda msalani. Ni zoezi zuri la kuondoa woga, lakini halimfundishi mtu kukadiria muda wa mtoto wa miaka 12 anayeshika kichujio kwa mara ya kwanza. Hilo hujifunzwa kwa kukaa nyuma ya darasa la mtu mwengine, saa mkononi, wiki moja au mbili kabla ya kupewa chaki. Wanaopata nafasi hiyo ni wachache.

Kuna jambo jengine linalosahauliwa. Vijana hawa hawakusoma kwa mtaala huu wanaoufundisha. Ni watoto wa 8-4-4, wale wa mtihani wa KCPE uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya ulipoanza kote nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, wao walikuwa wameshapita huko. Somo zuri kwao, lile walilolionea raha wakiwa watoto, lilikuwa la mwalimu aliyejua kueleza na kutoa nukuu safi. Sasa wanaambiwa wapange somo ambalo mwalimu anaongea kidogo na mtoto anatenda sana. Mtu hufundisha alivyofundishwa. Kumwambia apike chakula ambacho hajawahi kukionja si kosa, lakini mpe angalau aonje.

Hata hivyo, nilimkumbusha mpwa wangu kuwa kuna darasa la umilisi alilokaa tangu ana miaka minne, nalo ni chuoni kwa maalim. Fikiri, ndugu msomaji. Pale chuoni watoto wamekaa mkeka mmoja, lakini huyu yuko Alifu, yule yuko Juzuu Amma, mwengine ameshafika Tabaraka. Kila mmoja hupita mbele ya maalim kwa zamu, anasoma, akikosea anarudishwa, na haendi mbele mpaka ya nyuma ayamudu. Maalim hahitaji faili kujua kila mtoto amefika wapi. Simaanishi kila kilichokuwa chuoni ni cha kuigwa. Bakora zile, wallahi, zingeweza kupunguzwa. Lakini kanuni ya kuanzia pale alipo mtoto tunayo kwenye mifupa yetu. Sisi tunaamini kuwa Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa miaka 23.

Nikamuuliza sasa, hao watoto wako 56 wako wapi? Wanajua nini kuhusu kuchuja? Kwenye andalio aliandika kuwa watakumbushwa somo lililopita. Somo lililopita alilifundisha mtu mwengine na yeye hakuwepo.

Tukaingia jikoni. Dada yangu alikuwa anakamua nazi kwa wali wa kesho, mbuzi iko pembeni, kifumbu mkononi. Nikamwambia binti, "Hapa ndipo walipo watoto wako." Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua kuwa ukitia nazi iliyokunwa kwenye kifumbu ukakamua, tui linapita na machicha yanabaki. Hiyo ni kuchuja, na wanaijua kabla ya kuzaliwa. Wasichojua ni kwa nini tui lilipita. Na wengi wao wamepita barabara ya Malindi kwenda juu wakayaona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, maji ya bahari yametandazwa juani yakauke chumvi ibaki. Hiyo nayo ni njia ya pili, na wanaijua kwa macho. Somo zima la kutenganisha michanganyiko limeshakaa vichwani mwao. Kazi ya mwalimu ni kulivuta lije mbele na kulipa majina.

Sasa tazama andalio lake lilikuwa limeandika nini kwenye nyenzo: karatasi za kuchujia za maabara, faneli za kioo, taa ya gesi, projekta. Shule haina hata kimoja. Aliviandika kwa sababu ndivyo vilivyokuwa kwenye andalio alilolinakili. Alikuwa ameshatumia pesa saiba kuprinti picha ya rangi ya faneli, ili awaonyeshe watoto picha ya kitu ambacho angeweza kukifanya kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na kipande cha leso kuukuu.

Hapa nataka niseme wazi kuhusu kunakili. Maandalio ya masomo siku hizi yanauzwa. Yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, muhula mzima kwa bei ya sahani ya pilau, na sasa programu za akili unde zinakuandikia jengine kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Sitamlaumu mwanagenzi kwa kuyatazama. Kutazama kazi ya mwenzio ni elimu. Lakini andalio lililoandikwa kwa ajili ya shule nyingine halijui shule yako. Nilionyeshwa moja lililokuwa likitumiwa na kijana katika kisiwa kisicho na mto hata mmoja, na hatua ya pili ilisema wanafunzi waende kwenye mto ulio karibu wakachukue sampuli ya udongo. Kijana hakuliona hilo mpaka mtoto alipomuuliza, "Mwalimu, mto gani?"

Lugha nayo ni mtihani, na maandalio hayasemi lolote juu yake. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na andalio lenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kijiji cha Kwale au Magarini anafikiri kwa Kidigo, kwa Kigiriama, kwa Kiswahili. Mwalimu akianza na istilahi ya Kiingereza ubaoni, nusu ya darasa inapambana na neno na kitu chenyewe kinawapita. Nilimshauri mpwa wangu aandike pembeni mwa andalio lake maneno matatu tu mapya ya kipindi hicho, yasizidi, na ayafikie baada ya watoto kushika kitu kwa mikono na kukitaja kwa lugha yao. Kwanza wachuje, waseme wamechuja, kisha wapewe jina la mtihani. Najua wapo watakaosema nawaharibia watoto Kiingereza. Mimi nasema mtoto hashiki jina la kitu ambacho hajakiona.

Mpaka saa nne usiku tulikuwa tumeshalipindua andalio. Tulianzia mwisho. Matokeo yakawa mawili: mwanafunzi aweze kutenganisha mchanganyiko wa chumvi na mchanga kwa kuchuja na kukausha, na aweze kueleza kwa nini kichujio kimezuia mchanga lakini hakikuzuia chumvi. La pili ndilo lenye uzito. Swali dadisi likawa fupi: chumvi imekwenda wapi? Maana mtoto akitia mchanganyiko kwenye maji, akakoroga na kuchuja, mchanga utabaki kwenye kitambaa na maji yatapita yakionekana kama maji matupu. Wengi watasema chumvi imepotea. Mwalimu asiwajibu. Amwage maji kidogo kwenye sahani bapa, aiweke juani dirishani, na kipindi kijacho waione wenyewe. Kwa hivyo somo halitaisha ndani ya dakika 40, na si vibaya. Yeye alitaka kulifunga, kwa kuwa fomu ina kisanduku cha hitimisho. Nikamwambia andika kwenye hitimisho kuwa watoto watabashiri watakachokiona kesho. Hilo nalo ni hitimisho.

Hatua nne zikawa tatu. Uwasilishaji wa vikundi saba ukafutwa. Badala yake yeye atazunguka, achague vikundi viwili vilivyopata majibu tofauti, wasimame waeleze. Umilisi tukaacha miwili, na pembeni ya kila mmoja tukaandika ni wakati gani hasa utaonekana. Kurasa tatu zikawa moja na nusu. Akaniuliza, "Mhadhiri akisema ni fupi?" Nikamwambia amueleze kila mstari umewekwa kwa sababu gani. Sikuwa na uhakika kama jibu hilo litamfaa.

Maana wahadhiri nao wana sehemu yao. Wengi ni watu wazuri, wanasafiri kutwa wakitathmini wanafunzi shule hii mpaka ile, jua linawachoma na muda hawana. Lakini mtu anapofika, akapewa faili, akaanza kuhesabu visanduku kabla ya kumuuliza mwanafunzi "hebu nieleze unataka kufanya nini leo", amekwisha kumfundisha kuwa karatasi ni kubwa kuliko darasa. Dakika tano za mazungumzo kabla ya kipindi zingebadili mengi. Na wahadhiri wa chuo kimoja wakikubaliana wenyewe kwa wenyewe wanataka nini, mwanafunzi hatachezeshwa kama mpira.

Shule zinazowapokea zina la kujibu zaidi. Mpwa wangu alipofika alipokewa kwa furaha, na sababu ya furaha aliijua siku ya pili: alipewa vipindi 24 kwa wiki. Mwalimu aliyepaswa kuwa mlezi wake alimkabidhi kitabu cha wanafunzi na chaki, akaenda zake kwenye madarasa mengine. Simlaumu sana mwalimu huyo. Sekondari Msingi zetu zina uhaba wa walimu na mtu mmoja hubebeshwa masomo hata asiyoyasomea. Lakini piga hesabu. Andalio moja, kwa mwanagenzi mwepesi, ni dakika 45. Mara 24 ni saa 18 kwa wiki za kuandika tu, baada ya kufundisha kutwa na kusahihisha madaftari. Nani asiyenakili hapo? Ukimpa kijana vipindi 24 umemwambia waziwazi kuwa hutaki apange.

Kama mwalimu mkuu yuko tayari kusikia, ombi langu ni dogo. Wiki ya kwanza mwanagenzi akae nyuma aangalie. Vipindi vyake viwe ambavyo mtu anaweza kuviandalia. Na mwalimu mlezi alisome andalio siku moja kabla, si baada, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuwa Jumanne darasa lile huchelewa kurudi mapumzikoni na kuwa yule mtoto wa dawati la mwisho hasikii vizuri sikio la kushoto. Hayo hayamo kwenye mtaala wowote. Nasi wazazi tuache kuwaita "walimu wa kujaribia". Mtoto akisikia hivyo nyumbani, anakwenda kumjaribu kweli.

Kisanduku cha mwisho cha andalio ni cha kujitathmini, kinachojazwa baada ya kipindi. Nilifungua faili la mpwa wangu nikasoma maandalio yake ya wiki mbili. Kila mahali aliandika, "Somo lilifaulu, malengo yalifikiwa." Maandalio zaidi ya arobaini, yote yamefaulu. Nikacheka, naye akacheka, kwa mara ya kwanza usiku ule. Aliogopa kuandika ukweli kwa kuwa faili linasahihishwa. Lakini hicho ndicho kisanduku pekee kilicho chake mwenyewe. Ukikijaza kwa ukweli, andalio la kesho huwa limeshaandikwa nusu.

Siku ya pili jioni alinipigia simu. Mhadhiri hakutokea. Kipindi hakikwenda kama tulivyopanga. Vikundi vitatu vilitia maji mengi mno, kikundi cha nyuma hakikuiona sahani, na kengele ililia kabla kikundi cha pili hakijamaliza kueleza. Lakini kijana mmoja ambaye tangu afike hajawahi kufungua kinywa alinyoosha mkono akasema chumvi haikupotea, imejificha ndani ya maji, kama mafuta ya nazi yanavyojificha kwenye tui na kupita nalo kwenye kifumbu. Darasa likabishana mpaka mwalimu wa kipindi kilichofuata akasimama mlangoni.

Nikamuuliza ameandika nini kwenye kisanduku cha mwisho. Akanisomea: "Maji yawe vijiko viwili tu. Vikundi vitano si saba. Mfano wa tui haukukaa sawa, nitauliza chuoni. Kesho tuanzie kwenye sahani."